Wenye pikapu kubwa Malindi na Lamu, ingieni hapa mtuambie gari lenyewe likoje kazini

ShambaMarafa

Assalam aleikum wadau. Naishi Malindi, shamba la maembe liko Marafa. Msimu ukifika nakodi pikapu za watu, na kila mwaka bei hupandishwa wiki ileile matunda yanapoiva. Nimechoka, nataka yangu.

Kuna jamaa anauza Ford F-150, usukani umehamishiwa kulia, namba za Kenya, logibuku iko safi. Injini ni petroli, V6 ya lita 3.5 yenye turbo. Bei anayotaka haiko mbali na ya Land Cruiser 79 iliyotumika. Nimeiendesha: inavuta, kiti kizuri, ndani kimya. Mzigo wangu ni maembe, mbolea, mawe ya kujengea na mara nyingine tangi la maji. Njia ni lami mpaka ng'ambo ya daraja la Sabaki, halafu njia za shamba: mchanga kiangazi, tope masika.

Nataka kusikia kutoka kwa wanaomiliki huku Pwani. Wa Nairobi mtusamehe, chumvi yetu hamuijui.

Nahodha_Mambrui

Waleikum salaam. Kijana, mimi nina 79 ya kabini moja, injini 1HZ, na imenilelea familia. Nitakwambia uzuri wake na ubaya wake.

1HZ ni diseli ya lita 4.2, silinda sita za mstari, haina turbo. Nguvu yake ni farasi 130 hivi tu. Ukitoka nayo Malindi kwenda Mombasa matatu zitakupita, na ukiwa na mzigo mlimani utashuka gia. Kelele ipo, joto kabini lipo, kiti kimenyooka wima. Nikiwa na mzigo napata kilomita 7 au 8 kwa lita. Anayetaka raha asiinunue.

Lakini pampu yake ni ya kimekanika, haina kompyuta ya kuamua kama utafika nyumbani. Tangi la mafuta la yangu ni lita 130. Matairi ni 7.50-16 yenye tyubu, rimu za pete. Fundi wa pancha wa kijiji chochote kuanzia Gongoni mpaka Garsen analifungua kwa vyuma viwili, anaziba, unaondoka. Na hizi 79 huunganishwa hapahapa Mombasa, kiwanda cha AVA, kwa hiyo spea hukosi.

Sasa ubaya, maana wauzaji hawausemi. Tangu zilipobadilishwa mbele mwaka 2007, matairi ya nyuma yamekaa ndani kidogo kuliko ya mbele. Kwenye mchanga mzito ya nyuma hayafuati mkondo wa ya mbele, yanajichimbia wake. Ndiyo maana ukiingia mchanga teremsha upepo wa matairi mpaka psi 18 au 20, usione haya, na uwe na pampu ya kujazia ukirudi lami.

Pili ni ekseli ya mbele. Kuna sili ndani ikichoka, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) inaingia kwenye nakali, kile kiungo kinachogeuza tairi la mbele, inachanganyika na grisi. Utaona uji mweusi unachuruzika upande wa ndani wa tairi la mbele. Ukiuona, usiambiwe ni kawaida ya gari. Bei inashuka, au muuzaji anaitengeneza kwanza.

Tatu, mshipi wa taiming. 1HZ ni ya mshipi, si ya cheni, na hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kuna taa yake kwenye dashi huwaka ukifika wakati. Taa hiyo huzimwa na kurudishwa mwanzo bila mshipi kuguswa, kwa hiyo kuzimika kwake si ushahidi. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha.

Mvutaji_Watamu

Salaam wote. Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na mzee wangu. Mimi nina Ram 1500 ya usukani wa kulia, iliyobadilishwa Australia, V8 ya lita 5.7, petroli. Kazi yangu ni kuvuta boti, kuzitoa majini Watamu na kuzipeleka gereji au kwa mteja Kilifi. Kwa kazi hiyo sijaona gari linalonifaa kuliko hili. Inaruhusiwa kuvuta hadi tani 4.5 ikiwa trela lina breki zake. Trela likiwa nyuma husikii kuyumba, na kwenye mteremko wa kutolea boti majini haitetemeki ikipanda na mzigo.

Lakini soma vizuri, ShambaMarafa: kuvuta na kubeba ni mambo mawili. Ram 1500 nyuma haina springi za mabamba, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ina springi za koili. Ndiyo inalala barabarani kwa utulivu hivyo. Mzigo wa kubeba bodini, pamoja na watu, haufiki hata tani moja. 79 ya kabini moja, gari dogo kwa kutazama, inabeba tani na zaidi. Watu wakiona bodi langu wanadhani nitawabebea nyumba.

F-150 ina mabamba nyuma, inabeba vizuri kuliko yangu, ila nayo usiitazame umbo. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna karatasi ya kiwanda yenye uzito unaoruhusiwa. Soma ile, achana na maneno ya muuzaji.

Mafuta: nikivuta boti kubwa napata kilomita 4 kwa lita. Sifichi. Mteja wangu analipa, wewe embe ndilo litakalolipa.

ShambaMarafa

Nimekuelewa kaka, sikujua kama springi ndizo zinazotofautisha. Na spea?

Mvutaji_Watamu

Filta, oili, pedi za breki nazipata kupitia watu wa Nairobi. Vitu vya mwili na vya umeme naagiza nje na kusubiri wiki kadhaa. Sensa ya breki za ABS iliniandama muda mrefu, soketi zake ziko chini kwenye magurudumu na chumvi huingia humo. Nilipata afueni nilipoanza kuzifungua na kuzipaka grisi ya umeme kabla hazijaharibika. Na spea ikichelewa, boti ziko bandani zinasubiri, gari lenyewe limelala. Kwa hilo ninaweka gari la pili, Hilux kuukuu. Mwenye gari moja tu asijiingize.

MamaSamaki_Ngomeni

Hamjambo wanangu. Mimi nabeba samaki kutoka Ngomeni hadi Malindi, na ninayotumia ni D-Max ya kabini moja. Sina hamu ya gari kubwa. Nasema tu kuhusu maji ya barafu kwa sababu huyo kijana atabeba na yeye vitu vyenye majimaji, embe likipondeka nalo lina tindikali.

Barafu ikiyeyuka na samaki ndani, maji yale ni chumvi na damu. Yanatafuta tundu la bodi, yanashuka, lakini hayaanguki barabarani moja kwa moja. Yanaingia pale katikati, bodi linapokalia chesisi, pale penye mpira na boliti. Pale hapakauki. Gari langu la kwanza lilikuwa linang'aa juu, watu wanalisifu sokoni, na chini ya bodi chuma kimekuwa maganda unayabandua kwa kidole.

La sasa nimeweka bati la plastiki nene bodini lenye mteremko kidogo kuelekea nyuma, na kona ya nyuma nimetoa bomba linalomwaga maji nje kabisa, yasiguse chuma. Kila Ijumaa bodi linaoshwa kwa maji matamu. Si ya kisima.

FundiChini

Mama, Mungu akuzidishie. Hilo la maji ya kisima liandikwe kwa wino mwekundu. Mimi kazi yangu ni chini ya magari, kuchomelea na kunyoosha chesisi, hapa Malindi. Magari yanayooshwa sana ndiyo yanayoletwa kwangu kwa wingi kuliko yanayooshwa kidogo. Kwa nini? Sehemu nyingi za kuosha karibu na ufuo hutumia kisima, na visima vya ufuoni vina chumvi. Dereva anatoka pwani na mchanga, anaingia kuosha, anaongezewa chumvi kwa presha mpaka ndani ya mifereji ya chesisi ambako bahari yenyewe isingefika. Maji ya bomba yanayotoka Baricho ni ya mto, hayo ndiyo ya kuoshea. Uliza kabla hujaingiza gari. Onja ukitaka.

Sasa kwako ShambaMarafa, kuhusu hiyo F-150. Utaambiwa haishiki kutu kwa sababu ni alumini. Ni kweli nusu. Tangu modeli ya 2015 bodi na kabini ya F-150 ni alumini. Chesisi ni chuma. Na pale alumini inapokutana na boliti ya chuma, kukiwa na maji ya chumvi katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka boliti na rangi imevimba. Si kutu nyekundu, kwa hiyo watu hawaitambui.

Na msidhani ni shida ya magari ya Kimarekani peke yake au ya Kijapani peke yake. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi Marekani kuhusu fremu zilizooza za Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008, kwa kukagua na kubadilisha fremu. Kule chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji. Kwetu inakuja na upepo. Kusi likivuma, gari lililolala usiku Shela ya Malindi au Mayungu, asubuhi kioo kimeganda utando. Ule utando uko chini pia.

Nikikagua chesisi natumia nyundo ndogo. Naanza mbele, nagonga polepole kurudi nyuma. Chuma kizima kinalia juu, sauti kavu, nyundo inaruka mkononi. Ukifika penye maradhi sauti inazama na nyundo hairuki, inabaki. Pale weka alama ya chaki. Sehemu za kusisitiza: juu ya ekseli ya nyuma chesisi inapopinda kupanda, na viti vya springi, vile vipande vilivyochomelewa au kupigwa ribiti ambavyo mabamba yananing'inia. Kisha ingiza kidole kwenye matundu ya pembeni ya chesisi, ndani kwenyewe. Ukitoa mchanga mkavu, sawa. Ukitoa maganda ya kutu yaliyolowa, ondoka hapo.

Na ukiona rangi nyeusi mpya, nene, chini ya gari la zamani, uliza inaficha nini. Gari linalopakwa siku moja kabla ya kuuzwa mimi siligusi mpaka nimekwangua.

Dereva_Langobaya

Fundi, sisi huku tunapaka oili chafu ya injini chini, tunatembea kwenye vumbi inashika. Gari langu halina kutu.

FundiChini

Kaka, chuma inakilinda, sibishi. Lakini oili inalainisha raba: bushi za springi, mipira ya bodi, mabomba ya breki. Ukija kwangu baada ya muda utabadilisha bushi zote. Na ikidondoka shambani au karibu na kisima chako unainywa. Tumia grisi nyepesi au nta ya kupulizia, ndani ya chesisi hasa, kwa mrija mrefu. Fanya kiangazi chuma kikiwa kikavu. Ukipaka juu ya unyevu umeufungia chumvi ndani.

Dereva_Langobaya

Bushi nimebadilisha kweli, nikadhani ni barabara ya Sala. Nimepata. Ila kwa sisi tulio bara, mbali na bahari, bado naona watu mnatisha sana. Adui wetu ni mzigo. Hapa watu wanaongeza mabamba mawili matatu nyuma, halafu wanapakia mawe mpaka bampa inagusa chini. Mabamba hayavunjiki. Kinachovunjika ni chesisi nyuma ya kabini. Nimeona 79 mbili zimepasuka palepale.

FundiChini

Umesema kweli tupu. Springi ukiifanya ngumu kuliko chesisi, ule mshtuko unahamia kwenye chesisi. Mwenye mzigo mkubwa kila siku anataka Canter.

Bara_Hindi

Salamu kutoka Lamu bara. Sisi wa Hindi na Mokowe ndio tunaojua maana ya umbali. Kisiwani Amu gari halina maana, ni punda na mashua, pikapu inaishia jeti ya Mokowe. Lakini bara huku, kutoka Mpeketoni hadi Hindi mpaka Garsen, pikapu ndiyo inayobeba pamba, simsim, wagonjwa, maiti, kila kitu.

Lami ya Garsen–Witu–Lamu imetusaidia sana, asiyeikumbuka ile ya zamani ashukuru. Ila Tana ikifurika lami haisaidii. Novemba 2023 maji yalikata barabara upande wa Gamba, magari yakapanga foleni, watu wakavushwa kwa boti. Walioendesha wakaingia majini nataka niwaambie jambo moja ambalo halizungumzwi. Shida haiko kwenye injini tu. Difu ikiwa moto na ukaiingiza kwenye maji baridi, hewa ndani inanywea na inavuta maji kupitia kwenye ule mrija wake wa kupumulia, au kupitia sili iliyochoka. Gari linavuka salama, unashangilia, unaenda zako. Difu inakufa baadaye kidogokidogo. Baada ya kuvuka, siku hiyohiyo legeza boliti ya chini ya difu. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, imwage yote. Mrija wa kupumulia urefushwe mpaka juu kwenye injini, ni kazi ya muda mfupi.

Hiyo F-150 sijui utaipeleka wapi ikigoma Witu. Na upana wake, zaidi ya mita mbili bila vioo. Njia za shamba zetu zimetengenezwa na mkokoteni na Probox. Utakwaruza miiba kila upande.

Mvutaji_Watamu

Hilo la upana ni kweli kabisa. Mji wa kale wa Malindi mimi siingii nao. Na urefu unakaribia mita sita, kupaki ni kazi.

Kijana_Gongoni

Na nikifunga turbo kwenye 1HZ? Kuna mtu ananiambia farasi wanaongezeka sana na unapita matatu.

Nahodha_Mambrui

Mwanangu, usifanye. 1HZ si ya kuchoma moja kwa moja juu ya pistoni, ina vyumba vidogo kwenye kichwa cha silinda ambako moto huanzia. Ukiongeza presha ya turbo joto la pale linazidi, kichwa kinapasuka nyufa. Wapo waliofunga kwa presha ndogo wakaweka kipimo cha joto la moshi na wakaendesha kwa adabu. Wewe unataka kupita matatu. Si adabu hiyo.

Kijana_Gongoni

Nimesikia ami.

Mwalimu_Gede

Naomba kuongeza la sheria, maana mtu anaweza kusoma uzi huu akaagiza gari kesho. Kenya gari la usukani wa kushoto halisajiliwi kwa matumizi ya kawaida, na gari lililotumika likiingia nchini lisiwe limezidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo pikapu kubwa ya Kimarekani utakayoipata huku ni ile iliyogeuzwa. Uliza nani aligeuza na wapi. Kugeuza usukani ni kuhamisha boksi la usukani, dashi, pedali, breki, pamoja na nyaya zote. Kuna waliofanya kiwandani kwa vipimo, kuna waliokata na kuunga.

ShambaMarafa

Mwalimu, asante, nimeuliza leo asubuhi. Jamaa hana karatasi za aliyegeuza. Anasema ni fundi mzuri wa Nairobi. Nililala chini na tochi na nyundo kama FundiChini alivyoelekeza. Chesisi inalia vizuri kote. Lakini kwenye ukuta wa moto, pale nguzo ya usukani inapopita, kuna bamba limechomelewa na silikoni imepakwa kuziba. Na boliti za bodi zina unga mweupe.

FundiChini

Silikoni kwenye ukuta wa moto? Hapana. Ile ni sehemu inayokukinga na injini. Achana nayo.

MamaSamaki_Ngomeni

Mwanangu, kama mzigo wako hauzidi tani na njia ni Marafa, chukua D-Max au Hilux iliyotunzwa, pesa inayobaki nunua miche. Gari kubwa linakula hata likilala.

Nahodha_Mambrui

Mama yuko sawa kwa samaki na maembe. Lakini amesema mawe na tangi la maji. Tangi la lita elfu moja ni tani nzima kabla hujapanda mwenyewe, na maji yanacheza. Hilux za sasa ni nzuri, zina nguvu kuliko yangu, ila injekta zake hazitaki mafuta machafu hata kidogo. Ukinunua diseli ya mitungi njiani utalia. Mimi bado nasema 79.

ShambaMarafa

Nimeamua 79. Kuna moja Kilifi, kabini moja, ilikuwa ya shamba la mkonge, haijakaa ufuoni. Naenda Jumamosi. FundiChini, nakuomba twende pamoja, nauli na siku yako juu yangu.

FundiChini

Tutaenda inshallah. Mwambie mwenye gari asilioshe wala asiliwashe kabla hatujafika. Nataka kuliona lilivyo, na nataka kuliwasha likiwa baridi. 1HZ nzima inawaka mara moja asubuhi, moshi kidogo unapotea. Ikitoa moshi mweupe na kutikisika muda mrefu, shida ni nozo za mafuta au kompresheni. Nitakuja na nyundo na jeki. Wewe njoo na mtu wa kukaa bodini na magunia kadhaa ya mchanga, tuone springi zinavyolala.

Bara_Hindi

Na muulize risiti ya mshipi. Si maneno, risiti.

Nahodha_Mambrui

Ukishaichukua pitia Mambrui, nina mabamba mawili ya asili ya kiwanda yamekaa tu. Yako.